"Positive" ya nini? Neno moja kwenye karatasi ya maabara na maana zake nyingi

Umetoka maabara ukiwa na karatasi mkononi. Foleni ni ndefu, muuguzi amekuambia tu urudi mwezi ujao. Ukiwa kwenye daladala unaifungua karatasi, na jicho linatua kwenye neno moja la Kiingereza: positive. Moyo unaanza kwenda mbio. Positive ya nini? Nina nini? Nitamwambiaje baba watoto?

Mama, kabla hujalia na kabla hujampigia mtu simu, soma tena mstari ule. Angalia kilichoandikwa kabla ya neno hilo. Huenda ni kundi lako la damu, na huna ugonjwa wowote. Huenda ni kipimo cha mkojo kinachokutaka urudi kituoni leo hii. Neno ni lile lile, lakini habari ni tofauti kabisa.

Ukurasa huu unaeleza maana za neno hilo kwenye vipimo ambavyo mama mjamzito na mtoto mdogo hupimwa mara kwa mara, na jambo la kufanya kwa kila jibu.

Kwa nini neno hili linachanganya

Kwa Kiingereza cha kila siku, positive ni neno zuri. Mtu mwenye matumaini huitwa positive. Mtu mwenye uhakika wa jambo husema yuko positive. Kwenye hisabati ni namba iliyo juu ya sifuri. Sisi tumelitafsiri "chanya", na kinyume chake, negative, tukakiita "hasi". Shuleni tumejifunza namba chanya na namba hasi. Kwenye semina tunasikia malezi chanya, mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Kwa hiyo mama akisoma kwenye kipeperushi kwamba majibu yake ni "chanya", anaweza kufurahi akidhani mambo ni mazuri, kumbe ugonjwa umeonekana. Mwingine akisikia majibu ni "hasi" anaogopa, kumbe hana tatizo.

Mtaani nako neno limechukua njia nyingine. Mtu akisema "yule ni positive", bila kuongeza neno, wasikilizaji wote wanaelewa kwamba anasemwa kuwa na virusi vya UKIMWI. Ndiyo maana neno hili linatisha hata pale lilipoandikwa kwa jambo lingine.

Kwa mtaalamu wa maabara, neno hili si zuri wala si baya. Kila kipimo kina swali moja tu: kitu tunachokitafuta, kipo au hakipo? Positive maana yake kimeonekana. Negative maana yake hakikuonekana. Basi. Kama jibu ni la kufurahia au la kuhuzunikia, inategemea kilichokuwa kinatafutwa na hali ya aliyepimwa. Fikiria kipimo cha mimba. Mistari miwili ile ile inamfanya mama mmoja apige vigelegele na mwingine ashike kichwa. Kipimo kimesema jambo moja tu, kwamba homoni ya ujauzito imeonekana kwenye mkojo.

Kwa hiyo swali la kwanza, kila unapoona au kusikia neno hili, ni hili: positive ya nini?

Alama zinazosimama badala ya neno

Mara nyingi neno lenyewe haliandikwi kwa kirefu. Utakuta mojawapo ya hizi:

• Pos au alama ya kujumlisha (+): kimeonekana.
• Neg au alama ya kutoa (-): hakikuonekana.
• Alama mbili au tatu za kujumlisha (++ au +++): kimeonekana kwa wingi zaidi.
• Nil: hakuna.
• R au Reactive: kipimo kimeitikia. Hutumika sana kwa VVU na kaswende.
• NR au Non-reactive: kipimo hakikuitikia.

Alama ya kutoa ni ndogo na ni rahisi kudhaniwa kuwa mstari tu wa kalamu. Herufi N iliyosimama mbele ya R nayo inabadilisha jibu lote. Ukiwa na shaka usikisie. Rudisha karatasi dirishani, uliza.

Kundi la damu: positive si ugonjwa

Hapa ndipo akina mama wengi wanapopata hofu ya bure. Kwenye kadi imeandikwa "O positive", "A positive" au "B+". Hilo ni kundi la damu. Herufi inataja kundi, na positive inamaanisha kuwa chembe zako nyekundu za damu zina protini inayoitwa Rh. Jina hilo limetokana na nyani aina ya rhesus waliotumika katika utafiti wa damu mwaka 1940. Watu walio wengi Afrika Mashariki wana damu ya Rh positive. Umezaliwa nayo, utakufa nayo, na haihusiani kabisa na VVU.

Kwenye kipimo hiki, anayehitaji uangalizi zaidi ni mama mwenye negative. Hana ugonjwa, lakini akibeba mimba ya mtoto mwenye Rh positive, damu ya mtoto inaweza kuingia kwenye damu yake, hasa wakati wa kujifungua. Mwili wa mama huiona damu hiyo kama mgeni na kutengeneza kingamwili za kuishambulia. Mtoto wa kwanza kwa kawaida hapati madhara. Tatizo huja kwenye mimba inayofuata: kingamwili hizo hupita kwenye kondo la nyuma na kuharibu damu ya mtoto aliye tumboni. Anaweza kupungukiwa damu sana, kupata manjano kali, au kufariki.

Jambo hili linazuilika. Ipo sindano inayoitwa Anti-D. Hutolewa karibu na wiki ya 28 ya ujauzito pale inapopatikana, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ana Rh positive. Huhitajika pia baada ya mimba kuharibika au mjamzito kutokwa damu. Si kila kituo kina sindano hii, na inaweza kuwa na gharama. Kwa hiyo kama kundi lako lina negative, uliza mapema, wakati mimba bado changa, utaipata wapi na kwa utaratibu gani. Mwambie pia mhudumu kama uliwahi kupoteza mimba au kuongezewa damu. Baba wa mtoto naye anaweza kupimwa: akiwa na Rh negative kama wewe, mtoto pia atakuwa negative na sindano haitahitajika.

VVU: jibu linalohitaji uhakika

Kwenye kipimo cha VVU, positive inamaanisha kuwa virusi vimo mwilini. Lakini jibu hili halitolewi kwa kipimo kimoja. Kipimo cha kwanza kikiitikia, mhudumu anatakiwa kurudia kwa vipimo vya aina nyingine kabla ya kukuambia kuwa una VVU. Kama umepimwa mara moja tu, au umejipima mwenyewe nyumbani kwa kipimo cha mate, bado hujapata jibu la mwisho. Nenda kituoni wakamilishe.

Jibu likithibitishwa, si hukumu ya kifo kwako wala kwa mtoto. Bila dawa wala hatua nyingine za kumkinga, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akitumia dawa za kufubaza virusi ipasavyo, na mtoto akapewa dawa ya kinga, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Tofauti hiyo inaletwa na kuanza dawa mapema na kumeza kila siku bila kuruka.

Negative nayo ina masharti yake. Kipimo cha kawaida hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya virusi kuingia. Askari hao huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine hadi miezi 3, kabla ya kuonekana. Mtu aliyeambukizwa wiki iliyopita anaweza kupimwa leo akapata negative. Ndiyo sababu wajawazito hurudia kipimo miezi ya mwisho ya ujauzito, na wengine hupimwa tena wakati wa kunyonyesha. Mhudumu akikuambia upime tena, usidhani anakutuhumu. Anamlinda mtoto.

Jambo lingine: jibu lako ni lako. Haliwezi kusema chochote juu ya mwenzi wako. Wapo wanaume wanaosema "mke wangu kapimwa, hana, basi na mimi sina". Sivyo. Katika nyumba moja mmoja anaweza kuwa navyo na mwenzake asiwe navyo.

Mtoto wa mama mwenye VVU: positive inayoweza kudanganya

Mtoto akiwa tumboni hupokea kingamwili kutoka kwa mama yake. Zinaweza kubaki kwenye damu yake hadi afike miezi 18. Kwa hiyo mtoto wa mama mwenye VVU akipimwa kwa kipimo cha kawaida akiwa na miezi michache, kipimo kinaweza kuitikia hata kama mtoto mwenyewe hana virusi. Kimeona askari wa mama.

Ili kujua kama mtoto ana virusi kweli, hutumika kipimo kingine kinachotafuta virusi vyenyewe. Mtoto akifikisha wiki 4 hadi 6, hutobolewa kisigino, matone ya damu yakawekwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara. Majibu yanaweza kuchukua muda. Usikate tamaa ya kuyafuatilia.

Kama jibu la kwanza ni negative, mshukuru Mungu, lakini usimwachishe kliniki. Mtoto anaendelea kunyonya, kwa hiyo ataendelea kupimwa kwa ratiba hadi baada ya kuacha ziwa. Kama ni positive, aanze dawa mara moja huku kipimo cha kuthibitisha kikifanyika. Mtoto mchanga mwenye VVU asiyepata dawa huzidiwa haraka kuliko mtu mzima.

Na usiache kunyonyesha kwa sababu ya neno lililoandikwa kwenye karatasi. Wapo akina mama walioacha ghafla kwa hofu, watoto wakaishia kuharisha na kudhoofika. Zungumza kwanza na mhudumu wako. Mara nyingi atakushauri uendelee kunyonyesha, maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, huku wewe ukimeza dawa zako kila siku.

Kaswende na homa ya ini B

Vipimo hivi viwili hufanywa kliniki kwa damu, na vyote vina dawa ya kumsaidia mtoto.

Kaswende ikiwa positive, mama huchomwa sindano ya penisilini. Ni dawa ya zamani, na inaponya. Ikiachwa bila tiba, mimba inaweza kuharibika, mtoto anaweza kuzaliwa mfu au kuzaliwa na ugonjwa. Mwenzi wako naye lazima atibiwe, la sivyo ataurudisha nyumbani. Ujue pia kwamba baadhi ya vipimo vya kaswende hubaki positive maisha yote hata baada ya kupona. Ukiwa uliwahi kutibiwa, mwambie mhudumu, na utunze karatasi ya matibabu hayo. Itakuepusha na maswali magumu kwenye mimba inayofuata.

Homa ya ini B ikiwa positive, jambo kubwa ni saa za kwanza za mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto apate chanjo ya homa ya ini B ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Kwa mtoto wa mama mwenye ugonjwa huu chanjo hiyo ni ya lazima kuliko kwa mwingine yeyote, kwani wengi huambukizwa wakati wa kuzaliwa, na mtoto aliyeambukizwa mapema hubaki na virusi hivyo kwa miaka mingi. Uliza kabla ya kujifungua kama kituo utakachojifungulia wanayo.

Mkojo: hesabu alama za kujumlisha

Kliniki hukupa kikopo, unaleta mkojo, wanachovya kijiti chenye rangi. Kijiti kimoja hujibu maswali mengi kwa mpigo, kwa hiyo kwenye karatasi yako kunaweza kuwa na negative kadhaa na positive moja katikati yake. Hiyo moja usiipuuze.

Protini ikiwa positive baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, na presha yako imefika 140/90 au zaidi, hiyo inaweza kuwa dalili ya mwanzo ya kifafa cha mimba, ugonjwa unaoua mama na mtoto. Kadiri alama za kujumlisha zinavyoongezeka ndivyo protini ilivyo nyingi. Ukiona alama hizo, uliza presha yako ilikuwa ngapi siku ile. Na ukipata mojawapo ya haya, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali hata kama ni usiku:

• Kichwa kuuma sana na maumivu hayatulii.
• Kuona ukungu au vimulimuli machoni.
• Maumivu makali juu ya tumbo, chini ya mbavu.
• Uso na mikono kuvimba ghafla.
• Degedege.

Kijiti hicho hicho kinaweza kuonyesha sukari, au chembe zinazoashiria maambukizi ya njia ya mkojo, yale ambayo wengi huyaita U.T.I. Maambukizi hayo yanatibika, lakini kwa mjamzito yakiachwa yanaweza kupanda hadi kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati. Kwa hiyo "mkojo una positive" haitoshi. Positive ya protini, ya sukari, au ya maambukizi?

Malaria: negative haisemi mtoto ni mzima

Mtoto ana homa. Unampeleka kituoni, anatobolewa kidole, na baada ya dakika 15 hadi 20 kipimo cha haraka kinatoa jibu. Positive: wadudu wa malaria wameonekana, apewe dawa mseto na amalize siku zote 3, hata kama homa imeshuka siku ya pili.

Lakini kipimo hiki kina mazoea yake. Vipimo vingi vya haraka hutafuta mabaki ya wadudu, na mabaki hayo yanaweza kukaa kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Mtoto aliyemaliza dawa wiki mbili zilizopita akipata homa tena, kipimo kinaweza kusema positive kwa sababu ya malaria ile ya zamani, kumbe homa ya sasa ina sababu nyingine. Mwambie mhudumu siku aliyomaliza dawa. Anaweza kuagiza kipimo cha hadubini, ambacho huonyesha wadudu wenyewe.

Negative ndiyo inayowaponza wengi. Mlezi anaambiwa "hana malaria", anarudi nyumbani ametulia, wakati mtoto bado anaungua. Kipimo kimejibu swali la malaria peke yake. Hakikuulizwa kuhusu nimonia, maambukizi ya mkojo, wala homa ya uti wa mgongo. Ukipewa negative na mtoto bado ana homa, uliza: kama si malaria, ni nini? Na mrudishe haraka ukiona mojawapo ya haya:

• Hawezi kunyonya au kunywa.
• Anatapika kila anachopewa.
• Amepata degedege.
• Amelegea sana au haamki vizuri.
• Anapumua kwa kasi, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi.

Selimundu: kubeba na kuugua ni vitu viwili

Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, una kipimo cha haraka ambacho jibu lake huandikwa positive au negative. Positive inasema kuna hemoglobini ya selimundu kwenye damu. Haisemi ni kiasi gani. Mtoto anaweza kuwa AS, yaani amebeba tu na kwa kawaida anaishi bila kuugua. Anaweza kuwa SS, yaani ana ugonjwa na anahitaji kliniki yake maalumu maisha yote. Kuwatofautisha kunahitaji kipimo cha pili kinachochambua aina ya hemoglobini. Usikubali kurudi nyumbani na neno positive peke yake. Uliza: ni AS au SS?

Kwa mtoto aliye chini ya miezi 6, kipimo hicho cha haraka kinaweza kusema negative wakati ugonjwa upo, kwa kuwa bado ana hemoglobini nyingi aliyozaliwa nayo, ile ya tumboni. Ukiona vidole vya mikono au miguu vimevimba na kuuma, macho yana manjano, au anapungukiwa damu mara kwa mara, mrudishe akapimwe tena.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuwa SS ni 1 kati ya 4. Si kosa la mama, wala si kosa la baba. Ni urithi uliotoka pande zote mbili.

Maswali ya kumuuliza mhudumu

Usione aibu kuuliza. Ni haki yako kuelezwa majibu yako kwa lugha unayoielewa. Ukiambiwa "positive" au "negative", uliza maswali haya matano:

1. Ni ya nini? Nitajie kipimo kwa Kiswahili.
2. Je, hili ni jibu la mwisho au kuna kipimo cha kuthibitisha?
3. Kwangu na kwa mtoto, maana yake ni nini?
4. Nifanye nini leo, na nirudi lini?
5. Ni dalili gani zikitokea nisisubiri tarehe hiyo?

Kisha rudia kwa maneno yako: "Kwa hiyo dada, umesema damu yangu ni O, haina shida, ila mkojo una protini na nirudi kesho kutwa kupima presha. Ni hivyo?" Kama umeelewa vibaya, atakusahihisha palepale. Huchukua nusu dakika, hata kama foleni ni ndefu. Kama husomi vizuri, mwombe aweke alama karibu na jibu lenye kuhitaji hatua, au uje na mtu unayemwamini.

Karatasi ni yako, na siri ni yako

Kadi ya kliniki hupita mikononi mwa watu wengi. Mume ataifungua, mama mkwe ataitazama, wifi atamsomea jirani. Ndoa inaweza kutikisika kwa sababu ya "B positive" iliyosomwa na asiyejua. Kwa hiyo fanya mambo mawili.

Kwanza, wafundishe watu wa nyumbani mapema, kabla hujapata majibu yoyote. Waambie kwamba neno hili lina maana nyingi, na kwamba kundi la damu si ugonjwa. Ni rahisi kuelezea jambo hili wakati hakuna aliyekasirika.

Pili, kama una jibu la VVU au kaswende unaloogopa kulifikisha nyumbani, usilibebe peke yako. Mweleze mhudumu hofu yako waziwazi, hasa kama unaogopa kupigwa au kufukuzwa. Unaweza kumwomba mwenzi wako aje mpimwe pamoja na majibu yatolewe na mshauri, ili usiwe wewe wa kuleta habari. Kwa kawaida mhudumu haruhusiwi kumwambia mtu mwingine majibu yako bila ridhaa yako.

Na wewe unayemlea mtoto wa mwingine, bibi, shangazi, dada wa kazi au baba, maswali haya matano ni yako pia. Aliyempeleka mtoto kupimwa ndiye anayerudi nyumbani na majibu. Ukirudi na neno moja tu, mama yake atabaki na hofu. Rudi na jina la kipimo, jibu lake, na tarehe ya kurudi, umeziandika au umeziweka kichwani.

Leo jioni, chukua kadi yako na ya mtoto, ukae mahali penye mwanga. Tafuta kila palipoandikwa positive, negative, alama ya kujumlisha au ya kutoa. Kwa kila moja jiulize: ya nini? Ambayo hujui jibu lake, iwekee alama ya penseli, uende nayo kliniki. Isipokuwa kama ni protini kwenye mkojo na una mojawapo ya dalili tulizotaja. Hiyo usiiwekee penseli. Inuka uende sasa.